Upande Mzima

Shemeji yangu aliwahi kumnyima mteja mashine yake mwenyewe kwa kosa la kusimama. Yule bwana alikuja kuchukua deki ya kaseti, akaisikia inaimba, akaridhika, akanyanyuka aondoke nayo. Shemeji akamwambia akae. Bwana akasema ana haraka. Shemeji akachomoa waya ukutani, akaikumbatia deki kifuani, akamwambia arudi siku atakayokuwa na nafasi. Na kweli bwana aliondoka mikono mitupu, akarudi siku nyingine akiwa mpole, akakaa.

Hiyo ndiyo sheria ya karakana yake. Mashine haitoki mpaka ipige kaseti upande mzima, tangu ule utepe wa mwanzo usio na sauti hadi kitufe kinaporuka chenyewe, na mwenye mashine awe ameketi palepale kwenye benchi anasikiliza. Anasema deki inaweza kukudanganya nyimbo mbili tatu. Mkanda wa mpira ulio ndani yake ukiwa umelegea, utaujua karibu na mwisho, utepe ukishakuwa mwingi upande mmoja na mashine inavuta mzigo. "Ukitaka kulala, lala," huwaambia. "Lakini utalalia hapahapa."

Mimi ni mdogo wa mkewe, na kazi yangu ni ususi. Kibaraza ninachosukia kimepakana na karakana, ukuta mmoja, na katikati kuna dirisha lisilo na kioo. Kwa hiyo ninayoyasema hapa sikuhadithiwa na mtu. Wateja wangu hukaa na vichwa vyao magotini mwangu wakati yeye anasafisha vichwa vya deki kwa pamba na spiriti, na tumetaniana juu ya hilo mpaka utani wenyewe umechakaa. Mtaa mzima unamwita Rudisha. Ukimpigia wimbo wowote, kabla haujafika katikati utamsikia, "Hebu rudisha kidogo," kuna kitu amekisikia na anataka kukisikia tena.

Ujana wake aliumalizia kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, akihudumia mashine kubwa za mashuka. Deki ya kwanza aliinunua alipomwoa dada yangu, na haikukaa sana ikaanza kula kaseti. Akaipeleka kwa fundi wa mjini. Fundi akaitazama bila hata kuifungua akamwambia atupe, anunue nyingine. Shemeji ana ugonjwa mmoja: ukimwambia atupe kitu, umemfunga nacho maisha. Alirudi nayo nyumbani, akaifungua juu ya kitanda, akakuta mkanda umeyeyuka umekuwa lami. Mkanda mwingine hakuwa nao, basi akachomoa lastiki ya sketi ya ndani ya dada yangu, akaishona duara, akaifunga. Deki ikaimba, sauti ikipanda na kushuka kama ya mlevi, lakini ikaimba. Dada naye aligundua kilichopungua kwenye sketi siku hiyohiyo, akiwa mbele za wakwe.

Alipostaafu ndipo akafungua karakana kwenye chumba cha mbele. Watu walimcheka, nani ana kaseti siku hizi. Kumbe watu wanazo, zimejaa kwenye masanduku chini ya vitanda, wanaona aibu tu kusema. Walianza kuja mmoja mmoja, deki zimefungwa kwenye khanga au mataulo, wakiongea kwa sauti ya chini kama waliokuja kupima ugonjwa. Yeye aliwapokea bila kuwapapatikia. Mtu akimwambia siku hizi nyimbo zote ziko kwenye simu, alimjibu kwamba kwenye simu mtu husikiliza mwanzo wa nyimbo mia na hamalizi hata mmoja. Kaseti haikuruhusu kuruka. Wimbo usioupenda utakaa nao mpaka uishe, na mara nyingine ukiisha unakuta umeshaupenda. Mchana kazi ikipungua alijipigia zake mwenyewe, amelaza kichwa ukutani, mguu unapiga chini. Dada alikuwa jikoni akilalamikia kelele, na baada ya kulalamika nilimsikia akiufuatisha wimbo huohuo kwa pua.

Sasa nije kwenye masikio.

Kwanza nilifikiri ananipuuza. Nilimtania kupitia dirishani, hakujibu, na Shemeji si mtu wa kuuacha utani upite bure. Nikasema labda nimemuudhi. Kisha nikaona kwamba wateja wanaume anawajibu vizuri, ila mimi na wasichana ninaowasuka, sisi wenye sauti nyembamba, anatutazama midomo. Halafu siku moja nikamkuta ameuma mpini wa bisibisi kwa meno, ncha yake ameigandamiza kwenye deki inayozunguka, macho ameyafumba. Nilidhani amechanganyikiwa. Nikaingia na kumuuliza kwa ukali ni nini hiki. Akaitoa bisibisi mdomoni, akaifuta kwenye shati.

"Nasikiliza mota," akasema. "Kwa meno inasikika vizuri kuliko kwa masikio. Na usimwambie dada yako."

Nilimwambia dada yangu jioni hiyohiyo. Hata hakuinua macho kwenye nguo aliyokuwa akiikunja.

"Unaniletea habari za mwaka juzi," akasema. "Mume wangu hasikii birika likipiga filimbi. Unafikiri ni nani anakimbia kulizima?"

Meno yalimsaidia kwa sauti nzito: mota, magurudumu, besi. Sauti nyembamba hayakuweza kumrudishia, na kwenye deki kazi yote ya mwisho iko kwenye sauti nyembamba. Kichwa kinachosoma utepe, kile kipande kidogo cha chuma kinachong'aa, kina skrubu ubavuni. Unaizungusha polepole huku kaseti inapiga. Kichwa kikiinama upana wa unywele tu, matoazi yanakufa, kayamba zinakufa, mwimbaji anakuwa anaimbia ndani ya blanketi. Kikikaa sawa, vyote vinafunguka. Ukishapapata mahali penyewe, unadondosha tone la rangi ya kucha juu ya skrubu isije ikalegea. Kipimo cha kazi hiyo, kwa Shemeji, kilikuwa sikio lake na hakuna kingine.

Basi alikuwa akizungusha skrubu huku akisubiri sauti ambayo masikio yake hayakuwa nayo tena. Aliifikia bila kujua, akaipita, akaendelea kuitafuta, na mwisho akafunga popote. Mashine iliyokuja na ugonjwa wa mkanda ilitoka na mkanda mpya na blanketi juu yake. Mteja akilalamika, alipandisha mabega. "Kaseti zako zimechoka," alimwambia. Na aliamini hivyo kwa moyo wote, ndiyo maana iliniuma.

Mwanawe mkubwa, anayeuza vigae vya sakafu mjini, alikuwa amemnunulia kifaa cha kuvaa sikioni. Nawajua watu ambao kifaa hicho kimewarudisha kwenye mazungumzo ya nyumbani, sikibezi. Shemeji alikivaa kwa uaminifu. Koleo ilipoanguka mezani aliruka kwenye kiti, na kayamba alizokuwa akizitafuta zilimjia kama mtu anakanyaga mifuko ya plastiki. Alikivaa wakati wa kula na wageni, na akiingia karakana alikivua.

Aliyeleta balaa ni mwalimu wa kwaya, mtu mwembamba mwenye adabu zake, ambaye ana kaseti za kwaya yake tangu enzi ambazo yeye mwenyewe alikuwa anaimba. Huzitumia kuwafundisha waimbaji wapya. Deki yake ilitengenezwa, akakaa upande mzima kama sheria inavyotaka, akashukuru, akaondoka. Akairudisha. Ikatengenezwa tena, akairudisha tena.

"Fundi, sitaki tugombane," alisema. "Wanaume wangu nawasikia vizuri sana. Wanawake wa sauti ya juu wamekwenda wapi?"

"Kaseti zimechoka, Mwalimu."

"Hizi hizi kwa jirani yangu zinaimba."

Shemeji akaipokea deki. Mwalimu si mtu wa maneno, lakini jirani yake ni mtu wa maneno, na wiki haikuisha nikasikia dukani wakisema fundi kiziwi. Niliwajibu nilivyowajibu, sitaki kuyarudia hapa. Neno lilishatoka, likamfikia mwanawe mjini.

Alikuja na kutukalisha sote sebuleni. Ni kijana mzuri, siwezi kusema vingine, na alikuwa anaumia kweli. "Baba, watu wanakucheka," alisema. "Mimi siwezi kukaa nasikia baba yangu anachekwa." Alikuwa ameshapanga. Jumamosi atakuja na pikapu, zile mashine zitakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, chumba kitawekwa vigae na kupangishwa, Baba apumzike. "Na Mama naye apumzike na hizo kelele," akaongeza, akimtazama dada yangu apate kuungwa mkono. Dada alikuwa anavuta uzi uliochomoza kwenye kitambaa cha meza. Hakusema ndiyo wala hapana, na mwanawe akachukulia kwamba amekubali.

Shemeji aliyasikia yote, kwa kuwa sauti ya mwanawe ni nzito. Akasimama.

"Deki ya mwalimu inatoka Jumamosi," akasema. "Itapiga upande mzima mbele yako. Mwalimu akiridhika, wewe na pikapu yako mtarudi mlikotoka, na maneno haya nisiyasikie tena ndani ya nyumba yangu. Asiporidhika, pakia kila kitu. Na benchi upakie."

Nilitaka kumziba mdomo. Alikuwa ameiweka karakana yake rehani kwa sauti asiyoisikia, na alijua haisikii.

Siku zilizofuata niliziishi dirishani. Nilimwona ameifungua deki ya mwalimu vipande vipande, akabadilisha mkanda ambao haukuwa na kosa, akapaka mafuta mahali palipokwisha kupakwa. Alifanya kazi zote ila ile moja. Akiifikia skrubu aliishika, akaizungusha, akakunja uso, akaiacha. Nikamwambia kwa sauti nene niliyojifunza kumsemea, "Muombe mkeo. Dada yangu anasikia mbu akiwa chumba cha pili."

"Nimuombe mke wangu anisikilizie kazi yangu? Nitakuwa fundi wa namna gani?"

"Fundi mwenye karakana."

Akafunga dirisha kwa kipande cha boksi.

Nikaenda kwa dada yangu, nikamkuta anachambua mchele. Nikamwambia aache kiburi, aende. Akasema hajaombwa. Nikamwambia mume wake anazama. "Anajua nilipo," akajibu. "Mimi nimeziba siri yake miaka yote hii, nimezima birika, nimewaitikia wageni mlangoni. Nikijipeleka, atasema namhurumia. Hataki huruma, na mimi sina ya kumpa. Akinihitaji aseme, mdomo anao." Nilirudi kibarazani nikiwalaani wote wawili, na yule msichana niliyekuwa namsuka ndiye aliyelipia, maana nilimvuta nywele mpaka akalia.

Jumamosi ikafika. Mwalimu aliketi kwenye benchi, magoti pamoja, shati limepigwa pasi. Mtoto wa Shemeji aliegesha pikapu mbele ya mlango, akaegemea kizingiti, akazuia nusu ya mwanga. Mimi niliacha mteja nusu kichwa nikaingia nikasimama pembeni. Shemeji hakutusalimia. Akaweka kaseti ya kwaya, akabonyeza.

Mota ilikuwa imetulia kabisa. Kinanda kikaja, kikafuatiwa na wanaume, sauti pana na imara. Kisha wanawake wakaingia, na wakaingia ndani ya blanketi. Mwalimu aliinama akatazama viatu vyake. Ni mtu mwenye adabu, alikuwa amejiandaa kusema ni nzuri. Lakini Shemeji hakuwa anaitazama deki. Alikuwa anamtazama mwalimu usoni, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumtazama mteja usoni wakati mashine inaimba, kwa sababu siku zote huwa amefumba macho.

Akabonyeza kitufe cha kusimamisha, katikati ya wimbo. Yeye mwenyewe. Kijana wake akajitoa kwenye kizingiti, akasimama wima.

"Mwalimu, hujaridhika," Shemeji akasema.

"Fundi, si mbaya, kwa kweli—"

"Umeridhika au hujaridhika?"

"Sijaridhika."

Shemeji akaitikia kwa kichwa. Alipoongea aliongea kwa sauti kubwa, mpaka waliokuwa barabarani wakasimama. "Sauti nyembamba sizisikii," akasema. "Sizisikii siku nyingi. Vichwa nimekuwa nikivifunga kwa kubahatisha, na watu nikawaambia kaseti zao zimechoka. Kaseti zao zilikuwa nzima. Nimeharibu mimi." Akageukia mlango wa ndani. "Mama watoto. Njoo unisikilizie, sisikii."

"Baba, basi," mwanawe akasema kwa upole. "Usijiaibishe mbele za watu."

"Aibu nimeshaimaliza, haijabaki. Wewe toka kwenye mwanga."

Kijana akasogea.

Dada yangu akaja akijifuta mikono kwenye kanga. Nilimjua: alikuwa amesimama nyuma ya mlango muda wote. Akavuta kigoda, akaketi mbele ya spika, akaweka nywele nyuma ya masikio. Shemeji akakwangua ile rangi ya kucha ya zamani, akaweka bisibisi kwenye skrubu, akabonyeza.

"Bado," dada akasema. Shemeji alimsoma mdomo. "Bado. Bado. Inakuja. Inakuja. Umepita. Rudisha."

Waliokuwa barabarani wakacheka kwa hilo jina, na Shemeji naye akacheka, lakini mkono wake haukutikisika.

"Kidogo. Kidogo tena. Hapo. Usiguse."

Na wanawake wakatoka kwenye blanketi. Sijui niseme nini zaidi ya hivyo. Kayamba zilizokuwa hazipo zikawa zipo, zimejaa chumba, na juu yake sauti moja ya mwanamke ikapanda mpaka mahali ambapo mimi niliacha kupumua. Mwalimu wa kwaya aliinua uso kutoka kwenye viatu, na mkono wake ukaanza kupiga mapigo hewani, unawaongoza watu ambao wengine wameshazikwa. Mimi nililia, na sioni haya. Shemeji aliona tu nyuso zetu. Alizungusha macho toka uso mmoja hadi mwingine, akaelewa kwamba kichwa kimefika mahali pake.

Akadondosha rangi ya kucha. Kisha akarudisha kaseti mwanzo kabisa.

"Upande mzima," akasema. "Na wewe kaa," akamwambia mwanawe.

Kijana akaketi karibu na mwalimu. Tulikaa wote. Dada hakutoka kwenye kigoda, na kila sauti nyembamba ilipoingia aliinua kidole juu ya goti, kayamba zikiingia kidole, wanawake wakipanda kidole, na Shemeji akakifuata kile kidole kwa macho, mguu wake ukipiga chini. Hakukosea pigo hata moja. Pikapu ilikaa mlangoni, gari la nyuma likapiga honi, hakuna aliyenyanyuka. Mwisho wa upande, utepe ulipokuwa mzito, mashine iliuvuta bila kuyumba, na kitufe kikaruka.

"Nimeridhika," mwalimu akasema, akatoa kitambaa akapangusa pua. Akaibeba deki yake mwenyewe, akakataa kusaidiwa.

Mwanawe alibaki kwenye benchi. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyebeba mzigo kwa ajili ya wengine, halafu wenyewe wakaukana. "Sawa, Baba," akasema. "Lakini Mama je? Nilifanya haya yote kwa ajili yake. Mama, wewe hujachoka na makelele haya?"

"Nimechoka tangu nilipoolewa," dada akajibu. "Kuna mahali nilisema niondolewe?"

Kijana akageuka kuitazama pikapu yake.

Shemeji alikuwa ameshaanza kupanga meza upya. Akasukuma koleo huku, chupa ya spiriti kule, akafanya nafasi ya kigoda cha pili. "Mashine zote nilizoziharibu zirudi," akasema. Hakuwa anamwambia mtu. "Kila moja. Wenyewe nawajua, nitawafuata hadi majumbani mwao. Wanicheke, wakimaliza wanipe mashine."

Nikamwona mwanawe anapiga hesabu kichwani, ni deki ngapi zitarudi, ni kelele kiasi gani, na mama yake yuko katikati yake. Akajaribu mara ya mwisho. "Mama, hii ni kazi ya kila siku. Utaweza kukaa hapo kila siku?"

Dada yangu alikuwa anaichunguza ile chupa ya rangi ya kucha kwenye mwanga, kumbe ni yake, ilipotea siku nyingi. Akaifunga vizuri, akaiweka upande wake wa meza.

"Kesho tunafungua saa ngapi?" akamuuliza mumewe, kwa sauti nene, akimtazama.

"Mama, kesho ni Jumapili," mwanawe akasema.

"Sikuuliza siku," dada akamwambia. "Nimeuliza saa."